Tufe la njia kavu: plastiki, yurethani au rezini ya lulu?

Jumanne usiku, gemu ya tatu ya ligi ya bolingi. Natupa palepale nilipotupa gemu ya kwanza, mkono uleule, hatua zilezile nne. Tufe linafika nusu ya njia, linakata kushoto mapema mno, linaivaa pini ya kwanza usoni badala ya kuiingia ubavuni, na nyuma yake zinabaki nne: ya 4, ya 6, ya 7 na ya 10. Mwenzangu wa timu, mtu wa Tanga aliyeoa kwetu, akaniambia bila kuondoa macho kwenye ubao wa matokeo, "Shemeji, mkono wako hauna kosa. Mafuta yamekwisha."

Nilikuwa nimeshika tufe la rezini solidi lenye kiini (ule uzito uliomo ndani) chenye nguvu, nililouziwa kwa maneno kwamba hakuna linalopinda kulishinda. Maneno yale yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo penye shida. Penye mafuta tele tufe hilo ni zuri sana. Kwenye ukumbi tunaochezea sisi, huku kaskazini ya Texas, siku nyingine mafuta ya asubuhi ndiyo hayohayo ya usiku, na tufe la namna hiyo hugeuka mzigo.

Tangu hapo nimenunua, nimeazima na kujaribu aina tatu zinazotajwa kila ukiuliza habari ya njia kavu: plastiki, yurethani, na rezini ya lulu yenye kiini dhaifu. Nasema mapema ninakoegemea. Kwa mchezaji wa kawaida wa ligi, mwenye kasi ya wastani, anayetaka tufe moja la kumwokoa njia zinapokauka, rezini ya lulu iliyong'arishwa ndiyo ya kwanza. Ila iko mikono ambayo tufe hilo litaitesa, na iko aina ya ukavu ambayo yurethani inaiweza kuliko zote.

Ukavu uko wapi?

Hili ndilo swali ambalo watu huliruka, kisha wakalaumu tufe. "Njia kavu" ni jina moja la mambo matatu.

Njia ya bolingi ina futi 60, yaani mita 18.29, kutoka mstari wa faulo, ule ambao mtupaji haruhusiwi kuuvuka, hadi pini ya kwanza, na upana wake ni mbao 39 zilizolala sambamba. Hata kwenye njia za sintetiki, ambako mbao ni michoro tu, tunahesabu vilevile. Mashine hupaka mafuta kuanzia mstarini hadi kiasi cha futi 40, mengi katikati na machache pembeni, na sehemu ya mwisho huachwa kavu. Tufe huteleza penye mafuta na hushika penye ukavu. Likiteleza vya kutosha kisha likashika pale panapotakiwa, linaingia vizuri kati ya pini ya 1 na ya 3, kwa anayetumia mkono wa kulia, na zote kumi zinaanguka.

Ukavu wa kwanza ni wa mbele, futi 15 hivi baada ya mstari. Watu kumi wakipitisha matufe yao palepale kwa saa mbili, maganda ya rezini yanayanywa mafuta yale mpaka panabaki pakavu. Hapo tufe huanza kushika kabla ya wakati, linamaliza nguvu zake njiani, na likifika kwa pini limechoka. Dalili yake ni pini ya 5 kubaki imesimama katikati, au ya 8 na ya 10 zikiachana kama watu waliogombana.

Ukavu wa pili ni wa nyuma. Mbele mafuta yapo bado, ila mwisho wa njia ni msafi na mkali kiasi kwamba tufe la rezini likifika pale linakata kona kwa ghafla, leo kidogo, kesho sana, na huwezi kulitabiri. Wa tatu ni ule wa njia nzima, ukumbi ambao kwa kubana matumizi au kwa uvivu haupaki mafuta ya kutosha, na kila kitu kinapinda tangu kinapotua.

Namna ya kuyatambua haya bila kuuliza mtu ni kulitazama tufe lenyewe linaporudi. Usilifute kwanza. Liinue kwenye mwanga, uligeuze polepole, utaona mikanda ya mafuta imelizunguka, myembamba kama uzi, inakutana sehemu mbili na kutanuka katikati kama mabawa ya kipepeo. Njia zikiwa na mafuta, mikanda ile inang'aa na ukiipitisha kidole kinateleza. Njia zikikauka, inabaki mng'ao hafifu, kama wa kidole kilichoshika chapati kisha kikafutwa kwa karatasi. Gemu ya kwanza na ya tatu, tazama mara mbili tu, utajua mengi kuliko atakayokueleza muuzaji.

Plastiki

Plastiki ni polyester, ganda gumu lisilokunywa mafuta. Miaka ya 1970 wachezaji wa kulipwa wa Marekani walishinda mataji nayo, na Columbia 300 White Dot ni jina ambalo wazee wa kumbi hulitaja mpaka leo. Matufe ya ukumbi, yale ya rangi rangi yanayopangwa rafuni kwa kila mtu, karibu yote ni ya plastiki. Kwa hiyo kama ulijifunza mchezo huu kwenye jengo la maduka Nairobi au Dubai, tufe hili tayari umelishika, tofauti ni kwamba la kwako litatobolewa kwa kipimo cha vidole vyako.

Kwenye njia iliyokauka kabisa, plastiki ndiyo inayokaa kwenye mstari. Mtu mwenye mkono unaozungusha sana ambaye kila tufe linamkimbilia kushoto atapumua akilishika. Bei yake pia ni ya chini kuliko nyingine zote hapa.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: pembe. Ili pini zianguke vizuri, tufe linatakiwa liingie kati ya ya 1 na ya 3 kwa pembe ya digrii 6 hivi. Tufe linalokwenda moja kwa moja haliwezi kuifikia. Piga hesabu: hata ukisimama ukingoni kabisa mwa njia, unapata kama inchi 18 za upande katika inchi 720 za urefu, na hiyo ni chini ya digrii 2. Tufe linagonga, linasukumwa na pini ya kwanza, haliifikii ya 5 kwa nguvu. Utapata speya nyingi (kumaliza pini kwa mtupo wa pili) na straiki chache (kuziangusha zote kwa mtupo mmoja). Juu ya njia kavu sana plastiki hupinda kidogo na pembe huongezeka, na hapo inakuwa silaha ya kweli. Lakini hizo ni siku za nadra.

Hata hivyo nasema inunue, kwa sababu nyingine: speya. Pini ya 10 iliyobaki kule kona haihitaji tufe linalopinda. Asiye na plastiki mfukoni anapoteza pini hizo kila juma, njia ziwe kavu au zisiwe.

Yurethani, na kwa nini watu wanaipenda

Mwaka 1973 mchezaji wa kulipwa Don McCune aligundua kwamba tufe la plastiki likiloweshwa kwenye kemikali linalainika, na ganda laini hushika njia kuliko gumu. Mwaka huo alishinda mataji sita na akawa mchezaji bora wa mwaka. Baadaye zikaja kanuni za ugumu wa ganda, na kwa muda mrefu kikomo cha chini cha chama cha bolingi cha Marekani, USBC, kilikuwa 72 kwenye kipimo cha ugumu kiitwacho D. Kile alichokitafuta McCune kwa ndoo ya kemikali, viwanda vilikileta mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la yurethani. Miaka kumi hivi baadaye, rezini ikaja ikaifunika. Miaka ya karibuni yurethani imerudi kwa nguvu, hasa mikononi mwa wanaotupa kwa mikono miwili.

Sababu ya kurudi kwake ni umbo la njia inayopita. Rezini huteleza, huteleza, kisha inakata kama bodaboda iliyoona kichochoro dakika ya mwisho. Yurethani huanza kugeuka mapema na kugeuka taratibu, upinde mmoja mrefu usio na mshtuko. Kwa ule ukavu wa pili niliousema, wa nyuma, hakuna kinachoishinda. Pale rezini inaporuka, yurethani inapinda kwa adabu, na ukikosea ubao mmoja haikuadhibu.

Lakini ushauri unaotolewa kila mahali, "njia kavu, chukua yurethani", umewapotosha wengi, nami nikiwa mmoja wao. Yurethani haitelezi. Ganda lake, hasa likitoka kiwandani limesuguliwa kwa msasa namba 500 au 1000, hushika tangu mapema. Ukiliweka kwenye njia iliyokauka mbele, linashika hapohapo, linazunguka, linakufa kabla ya kufika. Niliazima la shemeji kwa majuma matatu. Kasi yangu ni maili 15 na nusu kwa saa ikipimwa na mashine ya ukumbi, na pini ya 5 ilibaki mbele yangu mara nyingi mpaka nikaanza kuizoea. Shemeji mwenyewe hutupa kwa maili 19. Kwake tufe lilelile linafika likiwa na uhai.

Jambo la pili ni mafuta. Kwa kuwa yurethani haiyanywi kama rezini, inayaburuta kuelekea mwisho wa njia. Baada ya gemu moja na nusu, pale palipokuwa pakavu nyuma panapata michirizi, na tufe linaacha kupinda ghafla. Wachezaji watatu wenye yurethani kwenye njia moja wanabadilisha njia ya kila mtu. Mkiwa timu, semezaneni kwanza nani atashika nini.

Na ukinunua iliyotumika, uliza mwaka wa kutengenezwa. Machi 2022 USBC ilipiga marufuku kwenye mashindano yake ya kitaifa matufe ya Purple Hammer yaliyotengenezwa 2016 na 2017, baada ya vipimo kuonyesha kuwa yapo yaliyokuwa chini ya kile kipimo cha 72. Ligi ya mtaani ina kanuni zake, lakini hakuna haja ya kulipia tufe ambalo siku ya mashindano litabaki garini.

Rezini ya lulu yenye kiini dhaifu

Rezini ilienea mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ganda lake lina vitundu vidogo vinavyokunywa mafuta. Ikichanganywa na unga wa maika huitwa ya lulu, inang'aa, na inachelewa kushika. Isiyo na lulu, ambayo maduka huiita solidi, hushika mapema, ndiyo iliyoniangusha mimi. Kwa njia kavu tunataka lulu, iliyong'arishwa, na kiini chake kiwe cha kawaida.

Hapo kwenye kiini ndipo wanunuzi wengi wanapoponyokwa. Neno "lulu" kwenye boksi halitoshi. Kuna matufe ya lulu yenye viini vikali mno, yaliyotengenezwa kwa ajili ya njia zenye mafuta mengi, na juu ya njia kavu yanafanya vituko. Tazama namba mbili zinazoandikwa kwa kila tufe. Ya kwanza ni RG, inayoonyesha uzito umekaa mbali kiasi gani na kitovu. Kanuni za USBC zinaruhusu kuanzia 2.460 hadi 2.800. Ikiwa kubwa, tufe huchelewa kuanza kuzunguka kwa nguvu na hufika mbali. Tafuta 2.55 au zaidi. Ya pili ni difu, yaani tofauti kati ya RG kubwa na RG ndogo ya tufe hilohilo, ambayo kikomo chake ni 0.060, hiyo ndiyo inayotanua mabawa ya kipepeo niliyoyataja, kwa kulipatia tufe ganda safi la kushikia kila linapozunguka. Tafuta chini ya 0.030, na kwa njia kavu sana hata chini ya 0.020. Familia ya Tropical ya Storm, kampuni ya Utah, imejengwa kwa fikra hiyo, na kampuni nyingine kubwa zina za kwao katika kundi la bei ya chini. Usiogope bei ya chini hapa. Ghali mara nyingi maana yake ni kiini kikali na ganda linalokunywa mafuta kwa kasi, vitu viwili usivyovihitaji.

Uzuri wa tufe hili ni kwamba linateleza kama plastiki sehemu ya mbele, kisha nyuma linaamka. Ile pembe ya digrii 6 ambayo plastiki haiwezi, hili linaikaribia. Pini zinaanguka kwa kuvutana, siyo kwa kusukumwa.

Ubaya wake unaonekana kwenye ule ukavu wa nyuma. Ukitupa nje kidogo, kwenye ubao usio na mafuta, linakata kupita kiasi. Ukitupa ndani kidogo linateleza na kukosa kabisa. Difu ndogo inapunguza ubaya huo, haiuondoi.

Mkono wako ndio wa kuamua

Tazama kasi kwenye skrini kwa gemu tatu, uchukue wastani. Maili 17 kwa saa, kama kilomita 27, ni katikati.

Ukiwa na kasi zaidi ya hapo na mzunguko mchache, plastiki haitapinda kamwe kwako. Lulu ndiyo yako, na hata difu ya 0.035 haitakudhuru. Ukiwa na kasi na mzunguko mwingi pamoja, kama watupaji wa mikono miwili waliomfuata Jason Belmonte wa Australia na mataji yake makubwa mengi, yurethani itakufaa kuliko watu wote ninaowajua, kwa kuwa una nguvu ya kulifikisha na unahitaji kitu cha kutuliza. Mwenye kasi ndogo na mzunguko mwingi ndiye anayeteseka zaidi kwenye njia kavu. Huyo aanze na plastiki, atupie straiki nayo bila aibu, na akitaka zaidi atafute lulu yenye difu ndogo kuliko zote atakazoziona dukani. Mwenye kasi ndogo na mzunguko mchache, kundi langu, lulu ya kawaida inatosha.

Mwambie fundi wa kutoboa kuwa tufe ni la njia kavu kabla hajashika mashine. Akiweka alama ya kiini chini ya vidole badala ya juu, tufe hutulia zaidi mwishoni. Na kama umenunua lililotumika, hesabu matundu. Tangu tarehe 1 Agosti 2020 tundu la kusawazisha uzito haliruhusiwi kwenye mashindano ya USBC, na kila tundu lazima liwe la kushikia. Matufe mengi ya lulu ya zamani yanayouzwa kwa bei ya kutupa yana tundu hilo. Linazibwa, ila hiyo ni gharama nyingine.

Kabla ya kununua chochote

Tufe ulilonalo likiwa la lulu, mpelekee fundi alisafishe mafuta lililoyanywa na kuling'arisha. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na tufe jipya, na unaweza kupata futi kadhaa za kuteleza. Fanya hivyo kabla ya siku ya mchezo. Mashindano yakishaanza kanuni haziruhusu kubadilisha uso wa tufe.

Kisha sogea. Anayetumia mkono wa kulia asogeze miguu mbao mbili au tatu kushoto, atupie juu ya mafuta yaliyobaki katikati. Wengi huongeza nguvu badala ya kusogea, mkono unakaza, na tufe linazidi kuzunguka. Mimi nilichukua mwaka mzima kuamini kwamba katikati ya njia, pale nilipodhani ni pa mabingwa, ndipo penye unafuu.

Mfuko wangu wa Jumanne sasa una mawili, lulu na plastiki, yote ya pauni 14. Yurethani nilimrudishia shemeji, na lile solidi liko kabatini likingojea ukumbi wenye mafuta. Juma lililopita njia zilianza kukauka mapema kuliko kawaida. Nilitoa la lulu fremu (zamu) ya nne ya gemu ya pili, nikasogea mbao tatu kushoto. Pini ya 10 ilibaki mara mbili. Zote mbili niliziokota kwa plastiki.